Mteja mwenye ugonjwa wa sukari na mwezi wa Ramadhani

Mshauri nasaha mwenzangu wa Lamu, ukiwa na mteja mwenye ugonjwa wa sukari ambaye daktari amemkataza kufunga, usingoje Ramadhani iandame. Mwekee kikao katikati ya Shaabani. Kwa kuikosa funga, mtu huyo yuko msibani, ila hakuna matanga wala anayemwambia pole. Mwaka 1989 Kenneth Doka, mtaalamu wa masuala ya huzuni, aliandika kuhusu huzuni ya namna hii, ambayo jamii haiitambui.

Ukimkimbilia na "subiri" au "si utatoa fidya", atanyamaza tu. (Fidya, yaani kulisha maskini badala ya kufunga, anaijua kuliko wewe.) Muulize jambo la karibu: ikiadhiniwa magharibi, utakuwa umekaa wapi? Hapo ndipo yanapotoka: chai ya mchana anayoinywa jikoni kwa kujificha, wajukuu waliofunga wakimtazama, tende anayoipokea na wenzake bila kuwa na swaumu. Mwache ataje alichopoteza kimoja kimoja, usimkatize.

Kisha tafuteni alichobaki nacho: kuamsha watu daku, tarawehe kwa kuketi, kukaanga kaimati za futari. Saa za dawa na chakula mrudishe kwa daktari wake. Huzuni ikirudi mwakani, au dawa zikibadilishwa, usidhani kazi yenu imeharibika. Mpangie na kikao baada ya Idi.