Mwigizaji wa utotoni anapogombea nje ya vyama viwili vikubwa vya Marekani: jinsi ya kumfikisha kwenye karatasi ya kura

Uso uliozoeleka kwenye televisheni tangu utotoni humpatia mgombea mahojiano ya bure. Saini halali haumpatii hata moja. Mwaka 2003, California ilipopiga kura ya kumwondoa Gavana Gray Davis na kumchagua mrithi wake, Gary Coleman, nyota mtoto wa vichekesho vya televisheni, aliingia kama mgombea binafsi. Masharti yalikuwa mepesi mno: saini 65 na ada ya dola 3,500, ndiyo maana wagombea walifika 135. Coleman alipata kura 14,242 na kuwa wa nane. Mlango mpana namna hiyo ni nadra, na anayesimamia kampeni ya mtu wa aina hii asiutegemee.

Chagueni cheo na jimbo kabla ya kutangaza chochote. Bunge la Wawakilishi linataka umri wa miaka 25, Seneti 30, urais 35 pamoja na uraia wa kuzaliwa na miaka 14 ya kuishi Marekani. California ina mtego wake: tangu 2012, kwa vyeo vya jimbo na vya Bunge la Marekani, wagombea wote huingia mchujo mmoja na wawili wa juu tu ndio huvuka hadi uchaguzi mkuu wa Novemba. Mgombea wa chama kidogo kwa kawaida huishia kwenye mchujo huo, Machi au Juni. Urais hauhusiki na utaratibu huo.

Kisha kagueni usajili wake wa kupiga kura. Msomaji wa Kenya anaijua kanuni ya Ibara ya 85, kwamba mgombea binafsi awe amekaa nje ya chama angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Tanzania haina mgombea binafsi kabisa. Marekani kila jimbo lina sheria yake, na karibu yote humzuia aliyeshindwa kwenye mchujo wa chama kurudi kama mgombea binafsi katika uchaguzi uleule. Kwa hiyo asijaribu bahati kwanza kwa Democrats au Republicans. Kwenye fomu ya California, asiyetaka chama huchagua "No Party/None". Wengi huweka alama kwenye "American Independent" wakidhani maana yake ni kutokuwa na chama, kumbe ni chama kamili kilichoanzia kampeni ya George Wallace ya 1968.

Fedha zinahitaji mweka hazina kabla ya dola ya kwanza kuingia, kwa sababu kamati isiyo na mweka hazina hairuhusiwi kupokea wala kutumia. Kwa vyeo vya kitaifa, zikipita dola 5,000 mgombea ana siku 15 kujaza Fomu ya 2 ya Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, halafu kamati yake ina siku 10 kujaza Fomu ya 1. Fedha zake mwenyewe hazina kikomo tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1976. Hapo huingia akiba ya Coogan, ile asilimia 15 ya mapato ya mtoto msanii ambayo sheria ya California huamuru ifungiwe hadi atimize miaka 18. Ila mzazi aliyekuwa akisimamia fedha zake huhesabiwa kama mchangiaji mwingine yeyote: kikomo chake ni dola 3,500 kwa kila uchaguzi katika kipindi cha 2025–2026. Akilipa kodi ya ofisi ya kampeni, huo nao ni mchango.

Kosa jingine linawahusu mashabiki wa nje. Vipindi vya zamani vimerushwa dunia nzima, na mashabiki wa Nairobi au Muscat wanaweza kutuma fedha kwa nia njema kabisa. Mgeni haruhusiwi kuchangia. Mtanzania mwenye green card anaruhusiwa. Mwenye viza ya masomo haruhusiwi, ingawa anaweza kujitolea bila malipo, mradi asishiriki maamuzi ya kampeni. Wekeni swali la uraia au green card kwenye ukurasa wa michango tangu siku ya kwanza.

Sasa saini, kazi inayoangusha wengi. Kwa urais, Tennessee hutaka saini 275 na majina ya wajumbe 11 wa kupiga kura ya urais kwa niaba ya jimbo. New York hutaka 45,000 ndani ya siku 42, zikiwemo angalau 500 kutoka kila moja ya nusu ya wilaya zake za Bunge. Mwaka 2024 Texas ilitaka 113,151, tena kutoka kwa watu ambao hawakupiga kura kwenye mchujo wa chama mwaka huo. California ilitaka 219,403. Anzeni na majimbo yanayofunga mapema kupokea saini, si yale ambako mgombea ana mashabiki wengi. Na kwa kuwa majimbo kadhaa hutaka jina la mgombea mwenza liwe kwenye fomu kabla ya saini ya kwanza, lipateni mapema.

Kusanyeni kiwango kinachotakiwa na nusu yake zaidi. Saini hufutwa kwa sababu mtu hayumo kwenye daftari la wapiga kura, ameandika anwani ya zamani, amesaini mara mbili, au mkusanyaji hakukamilisha kiapo chini ya ukurasa. Kwa nyota wa zamani kuna tatizo la ziada: akisimama mezani, foleni hujaa watalii wa majimbo mengine na vijana wasiofika miaka 18, wakiandika majina kama wanaoandikiana kumbukumbu. Mweke mgombea hatua kadhaa mbali na meza. Mkusanyaji aulize kwanza, "Umejiandikisha kupiga kura hapa jimboni?", ndipo atoe kalamu. Picha apige na kila mtu, aliyesaini na asiyesaini, kwa maana majimbo kadhaa hukataza kutoa kitu cha thamani ili kupata saini. Kila wiki linganisheni kurasa na daftari. Mkingoja mwisho, hamtakuwa na muda wa kuziba pengo.

Njia fupi ni chama kidogo ambacho tayari kina nafasi kwenye karatasi ya kura. Brock Pierce, aliyeigiza filamu akiwa mtoto katika miaka ya 1990, alitangaza kugombea urais Julai 2020, wakati umeshakwenda. Chama cha Independence cha New York kilimpa nafasi yake, na jimbo hilo peke yake likampa kura zaidi ya 22,000 kati ya takriban 50,000 alizopata nchi nzima. Chama chenyewe kilipoteza nafasi, maana sheria mpya ilidai kura 130,000 au asilimia 2 ya kura, chochote kilicho kikubwa zaidi. Kabla ya kukubali tiketi, ulizeni kiwango hicho na chama kipo umbali gani nacho.

Mwisho, marudio ya vipindi. Sheria ya Mawasiliano ya 1934, kifungu cha 315, humpa mpinzani haki ya kudai muda sawa ndani ya siku saba pale kituo cha televisheni kinaporusha picha au sauti inayomtambulisha mgombea, nje ya habari na mahojiano halisi ya habari. Filamu za zamani zimo, ndiyo maana mwaka 2003 vituo vya California viliepuka filamu za Arnold Schwarzenegger, mwigizaji aliyekuwa akigombea ugavana. Majukwaa ya intaneti hayabanwi na kifungu hicho. Andaeni orodha ya kila kazi aliyoonekana, hata tangazo la biskuti, pamoja na kampuni inayoisambaza, mwipeleke kwa vituo vya jimbo hilo siku anapothibitishwa kuwa mgombea.