Mtoto wa paka anakuja: andaa choo chake kwanza

Wengi hukimbilia bakuli na kitanda. Kinachowashinda watu wiki ya kwanza ni choo, kwa hiyo tunaanzia hapo.

Hatua ya 1: Choo. Chukua beseni la plastiki lenye upana wa sm 40 hivi na kina kisichozidi sm 8, mtoto wa wiki 8 aingie bila kuparamia. Tumia mchanga wa kujengea. Wa ufukweni una chumvi, unanyonya unyevu wa hewa, na kwa joto letu la Mtwara utaubeba mbichi kila siku. Uchekeche kokoto zitoke, uanike kutwa nzima, umimine unene wa sm 5. Maranda ya seremala yanafaa pia, ila uliza kama mbao ilipakwa dawa ya mchwa.

Beseni likae kona tulivu, mbali na chakula. Zoa asubuhi na jioni, badili mchanga wote kila wiki. Oshea sabuni ya kipande na maji ya moto. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji, usizitumie kabisa: paka hulamba miguu yake, na ni sumu kwake.

Hatua ya 2: Chakula. Dagaa wakavu wa pwani mara nyingi wana chumvi. Waloweke nusu saa, mwaga maji, chemsha upya, toa vichwa, ponda na ugali kidogo. Vijiko viwili vya chakula, mara nne kwa siku. Mara mbili kwa wiki ongeza yai la kuchemsha au ini la kuku. Mchuzi usimpe, kitunguu kinaharibu damu yake.

Hatua ya 3: Hatari za nyumbani. Salfa ya mikorosho ifungiwe stoo. Vumbi lake linashika manyoya naye analilamba. Sumu ya panya iondoke nyumbani, maana akimla panya aliyeila, naye anadhurika. Uzi wa cherehani usibaki sakafuni, ukimezwa unakata utumbo.

Pa kulala inatosha katoni na kipande cha khanga kuukuu. Akifika miezi 3, apate chanjo ya kichaa cha mbwa.

Maswali

*Lindi mjini: Beseni lipo, lakini anajisaidia kwenye nguo.*
Mfungie chumba kimoja na beseni siku 3 hadi 5. Akimaliza kula, mweke juu ya mchanga, uuparue kwa kidole aone. Kumsugua pua kwenye uchafu kunamfundisha kujificha tu. Ila akichuchumaa mkojo usitoke, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

*Mikindani: Maziwa ya ng'ombe je?*
Hapana, yanamharisha. Maji safi tu.

*Masasi: Mke wangu ni mjamzito. Nimrudishe paka?*
Si lazima, kaka. Vijidudu vya toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vikiwa kwenye kinyesi cha paka huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo zoa wewe, kila siku bila kuruka, shemeji asiguse beseni. Na nyama ya hapo nyumbani iive kabisa, maana nayo huambukiza.