Somo: Kuzibua mtaro wa mtaa kabla ya masika

Wakuu, masika ya Dar huanza Machi, kwa hiyo kazi hii ni ya Februari, mtaro ukiwa mkavu na tope linanyanyulika kwa sepeto. Ukingoja mvua ya kwanza utakuwa unachota uji.

Hatua ya 1: Kagueni mtaro wote. Anzieni kule unakomwaga maji, kwa wengi wetu ni Mto Msimbazi au kijito kinachouingia, mpande mpaka kwenu. Kuzibua nako kuanzie chini. Kila mtu akianza mlangoni kwake, maji yanashuka kwa kasi na kukuta kizibo kwa jirani wa bondeni, naye ndiye anayelala juu ya meza.

Hatua ya 2: Mwoneni mwenyekiti wa mtaa. Yeye ndiye wa kuulizia gari la taka. Tena mtaro ulio kando ya barabara ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, msiuvunje mfuniko wala ukuta bila ruhusa.

Hatua ya 3: Siku ya kazi. Gambuti, glavu nene, reki, sepeto, toroli, viroba. Ndala hapana, mle mna vigae vya chupa na sindano.

Anzeni na vya juu: chupa za maji, pampasi, vifuu, matambara. Rambo, yaani mifuko ya plastiki, zimepungua tangu zipigwe marufuku Juni 2019, ila vifungashio vidogo bado vimo tele. Kisha ingieni kwenye mchanga, na hapa ndipo wengi wanapokimbia. Chupa zikitoka maji yanaonekana kupita, watu wanapiga picha, wanaondoka. Kumbe chini kuna mchanga ulioshindiliwa, wa barabara za vumbi na vifusi vya wanaojenga, umeshakula nusu ya kina. Chimbeni mpaka sepeto likwaruze zege. Mlio huo ukiusikia, mmefika.

Hatua ya 4: Tope liondoke siku hiyohiyo. Likiachwa kingoni, mvua moja tu linarudi lilikotoka. Changeni hela ya kirikuu, kile kigari cha mizigo. Tope jeusi msilipeleke kwenye bustani ya mboga, limebeba kinyesi na oili.

Hatua ya 5: Chujio la nondo mdomoni mwa kalavati. Nondo zipishane vidole vitatu hivi. Mteueni mtu wa kulisafisha kila baada ya mvua, la sivyo chujio lenyewe ndilo litakalokuwa kizibo.

Maswali ya wanachama

*Kaka, jirani yetu mvua ikinyesha anatapisha choo mtaroni. Tumfanyeje?*

Nendeni kwake kiangazi, si usiku wa mvua mkiwa na hasira. Wengi wanafanya hivyo kwa kukosa hela ya gari la kunyonya. Nyumba mbili tatu zikiita gari siku moja, mnaweza kuelewana bei na dereva. Akikaidi, peleka kwa mwenyekiti na bwana afya wa kata. Kipindupindu hakiulizi nani alitapisha.

*Sisi tunamwaga oili chafu ya gereji kuua mbu. Kuna ubaya?*

Viluwiluwi wanakufa kweli, kwa sababu oili inawaziba wasipumue. Lakini mvua inaishusha mpaka mtoni, na watu wanamwagilia mchicha kwa maji yaleyale. Maji yakitembea mbu hapati pa kukulia. Anahitaji kama wiki moja au zaidi kidogo ya maji yaliyotulia. Pale pasipokauka kabisa, mwulizeni bwana afya dawa ya kibayolojia ya viluwiluwi, inatengenezwa hapahapa Kibaha. Oili wapeni mafundi seremala, wanapaka mbao kuzuia mchwa.

*Kalavati letu ni refu na limeziba katikati. Kuna kijana mwembamba amejitolea kuingia.*

Asiingie! Tope lililooza linatoa gesi, na ikizidi pua inaacha kuinusa. Akizimia humo, anayemfuata kumwokoa naye anabaki. Sukumeni kwa mianzi iliyofungwa pamoja, mtu mmoja kila upande. Ikigoma, andikeni barua kupitia ofisi ya mtaa, kuomba mashine ya maji ya presha.