SOMO: Kuunda bimu za mbele za pikapu ya Ford isiyo na fowili

Habari za kazi, wadau. Mwezi uliopita nilikamilisha pikapu moja hapa Mwanga, Kigoma: Ford F-150 ya zamani, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Mwenyewe anabeba chumvi kutoka Uvinza. Kwa sababu ya mashimo aliwekewa springi ndefu, gari likainuka mbele sm 10. Haikupita miezi mingi matairi yakaliwa ukingo wa nje hadi waya zikaonekana. Walishampigia alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, mara tatu, na haikusaidia kitu, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu. Ulikuwa kwenye bimu.

Ford ilianza kutumia mfumo huu wa bimu mbili za mbele (Twin I-Beam) mwaka 1965, na F-150 ilikuwa nao hadi toleo la 1996. Kila gurudumu la mbele lina bimu yake. Bimu ya gurudumu la kulia imefungwa kwa bushi (kiungo chenye mpira) upande wa kushoto wa chesisi, ya kushoto imefungwa kulia, zinapishana kama mikono iliyokunjwa kifuani. Mkono mwingine unatoka kwenye bimu kurudi nyuma hadi chesisi, kuishika isiende mbele na nyuma. Gurudumu likishuka, bimu nzima inazunguka kwenye bushi yake, na tairi linalala juu kwa nje. Likipanda, linalala ndani. Ndiyo kemba. Ukiinua gari bila kugusa bimu, umeshalilaza tairi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kushika grainda
Siku nzima ikiishia kwenye kupima, usione umechelewa. Gari liwe kwenye sakafu iliyonyooka, upepo wa matairi sawa. Mimi nilipata sm 100 kutoka katikati ya bushi hadi katikati ya tairi. Gari limepanda sm 10, kwa hiyo kichwa cha kingipini (pini ya mwisho wa bimu ambayo gurudumu hugeukia) kimepinda karibu digrii 6, na digrii hizo ndizo utakazozirudisha. Pima pia jinsi kingipini ilivyoegemea nyuma, maana hiyo ndiyo inayorudisha usukani ukitoka kwenye kona.

Hatua ya 2: Jigi
Jigi ni fremu ya kuibana bimu isisogee ukichomelea. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufa. Nilichukua chaneli nzito ya chuma, nikachongesha pini mbili kwa lezi (mashine ya kuchonga chuma kwa kukizungusha): moja ya tundu la bushi, nyingine ya tundu la kingipini. Pini zikakaa kwenye jigi kwa vipimo vya bimu ya zamani, isipokuwa ile ya kingipini niliyoilaza digrii 6. Bimu za kwanza maishani mwangu nilizichomelea juu ya meza bila jigi. Zilipopoa, moto ulikuwa umezivuta mm 4, na mteja akala hasara ya matairi mawili. Bado inaniuma.

Hatua ya 3: Kukata
Chora kwenye boksi gumu kwanza, ulijaribishe chini ya gari, ndipo uhamishie kwenye bamba la mm 6. Bimu mpya ni sanduku: mbavu mbili za pembeni, bamba la juu na la chini, na vipande vya kukaza ndani, hasa chini ya kikombe cha springi. Kona zote za ndani ziwe za mviringo. Kona kali ndiyo mlango wa ufa.

Hatua ya 4: Kuchomelea
Kichwa cha kingipini sikukiunda. Nilikikata kwenye bimu ya zamani, kwa sababu kile ni chuma cha kufuliwa, kina nguvu. Lakini hakipendi moto wa ghafla. Kipashe hadi digrii 200 hivi, chomelea, kisha kifukie kwenye majivu makavu kipoe taratibu hadi kesho yake. Usimwagie maji hata tone. Tumia rodi za kuchomelea za namba 7018 zilizokaushwa. Zangu nilizitia kwenye kijitanuri cha pipa, digrii 350 kwa saa moja. Choma kipande kifupi huku, kingine upande wa pili, bimu ikiwa imebanwa kwenye jigi muda wote. Bushi ingiza mwisho, mpira usije ukaungua.

Hatua ya 5: Kutafuta ufa
Paka mafuta ya taa juu ya mchomo, subiri nusu saa, futa hadi pakauke, kisha sugua chaki nyeupe. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari mwembamba, mweusi kwenye chaki. Nilipata mmoja wa urefu wa ukucha. Niliuchimba wote, nikauchoma upya.

Kisha rangi, na kufunga. Kabla ya kuweka springi, panda na shusha bimu kwa jeki hadi mwisho, ukiangalia paipu ya breki na tairodi zisivutwe.

MASWALI

Mdau, Urambo: Shikamoo fundi. Hilux yangu ya tuwili nayo niifanyie hivi?
Jibu: Marahaba. Hapana, kijana wangu. Hilux hiyo haina bimu. Kila gurudumu lina mkono wa juu na wa chini. Somo lake ni tofauti.

Mdau, Kasulu: Kaka, kipande cha reli si kigumu zaidi ya bamba?
Jibu: Kigumu, ndiyo, na ndiyo sababu hakifai. Reli ina kaboni nyingi, itapasuka kandokando ya mchomo. Tena reli ni mali ya umma, usiiguse.

Mdau, Tabora mjini: Huku rodi zinazopatikana kirahisi ni 6013. Zitafaa?
Jibu: Hizo ni za mageti na madirisha. Agiza 7018, hata kama ni kusubiri wiki mbili. Hii kazi imebeba roho za watu.

Mdau, Ujiji: Fundi, mimi nimefunga bimu vizuri, nikashusha jeki, nikapima kemba, matairi bado yamelala. Nimekosea wapi dada yako?
Jibu: Huenda hujakosea, dada. Ukishusha jeki, matairi yanang'ang'ania sakafu na kuzizuia bimu zisifunguke. Lisukume gari mbele na nyuma mita tatu nne, liruke-ruke kidogo mbele, ndipo upime tena.