Namna ya kuwauliza watu maoni yao kuhusu kubinafsisha huduma za afya

Kazi yangu ni udadisi. Nagonga milango Morogoro mjini, Kihonda, Mafiga, Chamwino, nikiwa na dodoso mkononi, na katika yote niliyowahi kutumwa kuuliza, sijaona swali linalopata majibu yasiyoaminika kama hili: huduma za afya ziendeshwe na serikali au ziachiwe watu binafsi? Si kwamba watu hawajali. Hakuna jambo wanalolijali zaidi. Tatizo ni kwamba mtu anaulizwa hivi, anaelewa vile, na jibu lake linapelekwa kikaoni kuamua maabara ya kituo chake ikabidhiwe nani. Kama wewe ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo, mtangazaji wa redio ya jamii au mwanafunzi mwenye utafiti, soma hapa kabla hujachapa dodoso.

Kwanza, amua ni huduma ipi unayoiulizia. Kumpa mzabuni kazi ya usafi na ulinzi ni jambo moja. Kumwachia mfanyabiashara maabara au duka la dawa ndani ya uzio wa hospitali ni jambo lingine, na kuuza hospitali nzima ni jingine kabisa. Mgonjwa wa Mwanza anayetibiwa Bugando, au wa Moshi anayetibiwa KCMC, yuko kwenye hospitali ya taasisi ya dini inayofanya kazi kwa ubia na serikali, na baadhi ya watumishi wake wanalipwa na Hazina. Wilaya kadhaa zimekaa miaka na hospitali teule, yaani ya kanisa inayotumika kama ya wilaya. Sasa huyo mgonjwa ukimuuliza "unapenda binafsi au serikali?", ajibu nini? Mtenganishie: jengo liwe la nani, mtoa huduma aajiriwe na nani, gharama ya mgonjwa ilipwe na nani. Hayo ni maswali matatu, na mtu mmoja anaweza kuyajibu kwa namna tatu tofauti bila kujipinga.

Pili, na hapa naomba utulie nami: usianze na maoni. Anza na mara ya mwisho mtu wa nyumba ile alipougua.

Kuna bibi mmoja nilimkuta kibarazani akichambua mchele. Nikaamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Dodoso nililopewa lilianza na maoni, nikamuuliza kama lilivyoandikwa. Akajibu haraka: "Serikali, mwanangu. Kule tunatibiwa bure." Kwenye karatasi hilo ni jibu safi kabisa. Tulipofika swali la matibabu ya mwisho, akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki. Mlikuwa na cheti chake cha kliniki ya presha, na kweli kumuona daktari hakulipa, kwa kuwa wazee wasio na uwezo waliofikisha miaka 60 wana msamaha. Nyuma ya cheti ikafuata karatasi ya dawa alizoandikiwa bila kupewa hata moja, maana dirishani aliambiwa dawa zimeisha, na risiti ya duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Chini yake risiti ya kipimo kilichofanyika maabara ya mtu binafsi, kwa sababu mashine ya kituo ilikuwa mbovu. Akazipanga pajani moja moja, akaziangalia, akasema: "Basi daktari ni wa serikali, dawa ni za dukani."

Hapo ndipo maoni yake yalipoanza. Alisema yuko tayari maabara apewe mtu binafsi, ila bei ipangwe na halmashauri na msamaha wake uheshimiwe dirishani. Hilo ni jibu ambalo kamati inaweza kulifanyia kazi. Lile la kwanza lisingemsaidia mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Kwa hiyo pangilia hivi: Mara ya mwisho mlikwenda wapi? Mlilipia nini na nini: kumuona daktari, kipimo, dawa, nauli? Hela ilitoka wapi? Swali hili la mwisho usilirushe. Mtu aliyelipa kwa mshahara na aliyelipa kwa mkopo wa kikoba hawasemi kitu kimoja wanaposema "bei ni ya kawaida". Ukishapata hayo ndipo uulize maoni, tena uyaulize kwa bei halisi ya mtaa wako. "Uko tayari kuchangia ili huduma iwe bora?" ni swali la kumfunga mtu mdomo. Nani atasema hapana mbele ya mgeni? Taja kipimo, taja shilingi, kisha nyamaza.

Andika pia umri wake. Aliyezaliwa miaka ya 1950 alipita katika nchi ambayo sheria ya mwaka 1977 ilizuia hospitali za kibiashara, akaziona zikirudi baada ya marekebisho ya 1991, na tangu 1993 akaanza kuchangia gharama kwenye hospitali za serikali. Kijana wa miaka 25 hajui hospitali isiyo na dirisha la malipo. Wakisema wote wawili "zamani ilikuwa afadhali", hawazungumzii zamani moja.

Kadi ya bima nayo iulize mapema: NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya), CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii, kadi moja kwa kaya), au hana kabisa. Na andika tarehe ya mahojiano. Machi 2024, kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko unazilipia hospitali, kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama kwa sababu ya bei. Maoni ya wiki ile si ya kuchanganywa na ya miezi mingine bila kusema.

Mahali pa kuulizia: nyumbani, si getini kwa hospitali. Pale getini unawakuta waliofika tu. Walioshindwa nauli hawapo. Barua ya utambulisho ipitie kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa, na balozi wa nyumba kumi akikupeleka hadi mlangoni, mshukuru na umwombe kwa heshima akuache. Mama hatasema nesi alimtolea maneno makali huku balozi amekaa pembeni. Zunguka na jioni na Jumapili pia, la sivyo utarudi na maoni ya waliobaki nyumbani tu. Jina usiandike, na ugonjwa usiuulize, ukitajiwa, usiuandike.

"Sijui" ni jibu. Liwekee kisanduku chake. Usimsukume mtu hadi achague upande ambao hana.

Ukifika kwenye ripoti, wenye bima na wasio na bima wape safu tofauti kabla ya kutoa jumla yoyote. Sema wazi ni nyumba ngapi, mitaa ipi, mwezi gani; nyumba za mitaa miwili haziitwi "wananchi wa Morogoro". Na kabla karatasi haijaenda halmashauri, ipeleke kwenye mkutano wa mtaa, isomwe kwa sauti, kila safu na idadi yake. Wakisema "hapa hatukusema hivyo", fungua madodoso kwenye swali hilo, linganisha na ulichoandika, na urekebishe palepale mbele yao.