Kutoa mafaili kwenye diski ya nakala bila kuibadilisha

Kompyuta ikishakufa, ile diski uliyohifadhia nakala yake nzima si akiba tena. Ndiyo pekee iliyobaki, kwa hiyo isomwe tu, isiandikwe kitu.

Diski ya inchi 2.5 inatosheka na umeme wa USB. Ya inchi 3.5 inataka adapta yake ya volti 12. Chomeka kwenye tundu la USB 3, mara nyingi la buluu: GB 100 hutoka kwa kama dakika 20, lakini kwenye USB 2 ni karibu saa nzima. Kwa delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) za Lubumbashi, tofauti hiyo ni kubwa. Mashine ya mezani iwe kwenye onduleri, yaani betri ya kushikilia umeme.

Windows ikikuambia «Vous devez formater le disque», bonyeza «Annuler». Huenda data ipo salama, ila kasha la USB linaloshika diski, lile ulilotumia kunakili, lilihesabu sekta (vipande vya diski) za baiti 4096 na hili linahesabu 512. Rudisha kasha la zamani. Ukiona alama ya kufuli, hiyo ni BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri: tafuta ufunguo wa tarakimu 48. Pasipo huo, hakuna fundi atakayeifungua.

Mtego mkubwa uko kwenye folda ya mtumiaji. Windows inadai huna ruhusa na kukupa kitufe cha «Continuer». Usikibonyeze: kinabadilisha ruhusa kwenye diski yenyewe. Andika cmd (dirisha la amri) kwenye utafutaji, bonyeza kulia, chagua «Exécuter en tant qu'administrateur», kisha andika amri hii ya robocopy, programu ya Windows ya kunakili:

robocopy E:\Users\mama C:\Zamani /E /B /XJ /R:1 /W:1 /LOG:C:\ripoti.txt

Badilisha E na «mama» kulingana na diski yako. Skrini inaonyesha «Utilisateurs», lakini jina la kweli la folda ni Users. Kwenye klavye ya azerty ya Kifaransa, mkwaju wa nyuma (\) ni AltGr na 8. /B inasoma bila kugusa ruhusa. /XJ inaruka njia za mkato zinazojizungusha ndani ya AppData, folda ya data za programu. Ukiisahau, nakala inaweza kuzunguka humo humo. /R na /W usiziache kamwe: bila hizo robocopy hurudia faili bovu mara milioni 1, ikingoja sekunde 30 kila mara. Umeme ukikatika, rudia amri ileile; yaliyokwisha kufika itayaruka.

Programu hazihami kwa kunakiliwa, zisakinishe upya. Nywila za Firefox zinahama, mradi mafaili yake mawili, logins.json na key4.db, yaende pamoja. Za Chrome hazifunguki kwenye mashine mpya, maana zimefungwa na akaunti ya Windows ya zamani.

Mwishoni fungua ripoti.txt. Safu ya «ÉCHEC» isipokuwa 0, tafuta neno ERREUR: 112 maana yake C: imejaa, 23 maana yake diski ya nakala imeanza kuchakaa. Ukiona 23, usirudie folda nzima. Chukua kwanza picha na hati usizoweza kuzipata kwingine.