Ukitaka kumfikia aliye mbele yako angani, funga breki

Swali hili huwapa wanafunzi wangu kabla ya kuwafundisha chochote. Chombo chako kinaizunguka Dunia kilomita 400 juu. Mwenzako yuko njia hiyohiyo, kilomita elfu kadhaa mbele. Utamfikiaje? Karibu kila mmoja hujibu: ongeza kasi. Ukifanya hivyo, utapanda juu zaidi, mzunguko wako utarefuka, naye atazidi kukuacha.

Juni 1965, mwanaanga wa Marekani James McDivitt akiwa ndani ya chombo cha Gemini 4 alijaribu kukisogelea kipande cha roketi iliyomrusha. Alikielekezea pua ya chombo na kusukuma. Kila akisukuma, kikamponyoka, hadi zoezi likasitishwa ili kuokoa mafuta.

Njia yenyewe ni hii. Geuza chombo ili mdomo wa injini utazame kule unakokwenda, kisha iwashe. Gesi inatoka mbele, chombo kinasukumwa nyuma. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton, wala haihitaji hewa ya kuegemea, maana kinachosukumwa ni gesi yenyewe. Punguza mita 29 hivi kwa sekunde, uzime. Ni kidogo sana ukilinganisha na kilomita 7.67 kwa sekunde ulizokuwa nazo, lakini inatosha: chombo kinaanza kushuka, na kadiri kinavyoshuka ndivyo kasi inavyopanda. Baada ya dakika 46 utakuwa upande wa pili wa Dunia, kilomita 300 juu. Usipofanya kitu utapanda tena ulikotoka, kwa hiyo funga breki mara ya pili, mita 29 nyingine.

Sasa tazama kasi yako: kilomita 7.73 kwa sekunde. Umefunga breki mara mbili, na unakwenda kasi kuliko ulivyoanza! Hapa huwa nawaomba wanafunzi waweke kalamu chini wafikiri kwanza. Injini imekupunguzia tu. Kilichokuongezea ni mvutano wa Dunia, uliokuvuta kilomita 100 kwenda chini na kukulipa kwa mwendo. Huko juu huwezi kugusa kasi bila kugusa kimo.

Kinachofuata ni subira. Mzunguko wako sasa ni dakika 90 na nusu, wake ni 92 na nusu, na njia yako ni fupi pia. Kila mzunguko unampunguzia zaidi ya kilomita 900, injini ikiwa imezimwa.

Usingoje mpaka uwe chini yake kabisa. Anza kupanda akiwa bado mbele kwa kilomita 235 hivi, kwa sababu hata ukiwa unapanda unaendelea kumkaribia. Mdomo wa injini sasa uangalie nyuma: sukuma mita 29, ngoja nusu mzunguko, sukuma tena. Utafika kwenye kimo chake ukiwa na kasi yake, yaani umesukuma mbele mara mbili na mwendo umepungua.

Mwanaanga mwingine wa Marekani, Wally Schirra, alitokea chini namna hii tarehe 15 Desemba 1965, akakisogeza chombo chake, Gemini 6A, hadi sentimita 30 hivi kutoka chombo cha wenzake, Gemini 7. Zikibaki mita chache, elekeza pua na usukume polepole kama barabarani. Muda ni mfupi mno kwa njia zenu kupishana.